Mtihani Mkubwa, Mtihani Mdogo na Miguu ya Mama

Jumapili, 1 Februari 2004

Iddi! Nimekula mpaka siwezi kuinama. Baada ya sala watu wakajaa kwetu, Thornton Heath yote hapa London ilinukia biriani. Mama akasimama katikati ya sebule, sinia mkononi, akatangaza kwamba mwanawe Nusra anakwenda Amerika kusomea udaktari.

Udaktari wa miguu, Mama. Wa miguu! Huo mkia kaukata makusudi.

Wageni wakanipongeza. Bi Kijakazi, shoga yake Mama wa tangu Unguja, akanibusu mashavu yote mawili akauliza nitakuwa daktari wa moyo au wa watoto. Nikamwambia nitaanzia chini. Mama akanifinya paja huku anatabasamu.

Walipokuwa wanakunywa chai nikatoka mlangoni kusoma viatu. Huo ndio mchezo wangu. Watu arobaini wakivua viatu mlangoni kwako, unayo maktaba. Kisigino kilicholika upande wa nje: huyu nyonga zitamsumbua. Ncha iliyotoboka: kucha ndefu na uvivu. Viatu vya wanawake ni kazi, kwa sababu nusu yao wana viatu vya aina moja. Bi Kijakazi aliviona sokoni Edmonton, vyeusi, laini, havina kifungo, akapiga simu, na wiki ile ile akina mama wote wakavinunua. Sasa kila shughuli mlango unakuwa mweusi.

Jumatatu, 2 Februari

Mjomba Hafidh kapiga simu kutoka Amerika. Yeye ndiye mwenye chumba kitupu, na mji wake ndio wenye chuo. Hapa London wangenipokea kwa digrii yangu ya biolojia bila mtihani wowote, nimeshauliza. Lakini kule wanafundisha mpaka kupasua mguu na kuunga mifupa. Nataka hiyo. Nakiri pia kwamba nataka bahari nzima baina yangu na masikio ya Mama.

Chuo kinakubali mtihani mmoja kati ya miwili, nichague mwenyewe. Mkubwa, MCAT, ni ule wanaofanya madaktari wa kila kitu. Kutwa nzima! Fizikia, kemia, biolojia, na insha juu yake. Mdogo, GRE, ni hesabu na Kiingereza kigumu mbele ya kompyuta, ukimaliza unakwenda zako.

Mjomba anasema nifanye mkubwa. Nikiupasi naweza kubadili mawazo nikasomea udaktari mzima. Nikamwambia sibadili mawazo. Hapo nikasikia mtu anahema kwenye laini.

Nikasema, Mama, weka simu chini.

Kimya. Halafu: tak.

Jumatano, 4 Februari

Kazini. Mimi ni wa mapokezi kliniki, lakini Jumatano Sudha ananiruhusu nikae chumbani kwake nikimaliza mafaili. Sudha ndiye daktari wa miguu. Mfupi, mkali, ana mikono midogo kama ya mtoto.

Leo kulikuwa na mzee mwenye sukari. Sudha akamwambia afumbe macho, akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni, akawa anamgusa nyayo hapa na pale. Mzee aseme akihisi. Aligusa kisigino, kidole gumba, chini ya vidole. Mzee katulia tuli, anasubiri mtihani uanze. Ulikuwa umeshakwisha.

Baadaye Sudha akanifundisha. Usiulize "umehisi?" kila unapogusa, maana mtu atakuridhisha. Nyamaza. Wakati mwingine usiguse kabisa, uone atasema nini. Na mguu unaouma usikutie hofu sana, anasema, ogopa ule ulionyamaza.

Yule mzee alitoka amevaa soksi upande wa nje ndani, akanishukuru mimi.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeazima kitabu cha MCAT maktaba. Mzigo! Nimefungua fizikia: mpira unateremka kwenye mteremko usio na msuguano. Mteremko gani huo? Mtu angeutembeleaje bila kuvunja kifundo? Nimekaa nafikiria kifundo, swali limenipita.

Mama kakipenda mno kitabu. Hakifungui, anakipanga. Asubuhi kilikuwa juu ya meza ya kulia, mchana kimehamia sebuleni, jalada linatazama mlango. Jirani alipokuja kuomba limau, Mama akamzungusha mpaka akakiona.

Nami nimetia ndani yake kitabu cha Sudha cha magonjwa ya miguu. Nasoma kuhusu sugu na nyufa za visigino, na Mama anapita kwa nyatunyatu asinisumbue. Kaniletea mpaka mkate wa kumimina! Kitabu hiki nitakirudisha kwa shida.

Jumanne, 10 Februari

Nimemweleza Mumbi, tunakaa naye mapokezi. Yeye ni Mkenya na hana muda wa drama.

"Wewe Nusra, unataka miguu ama hutaki?"

Nataka.

"Basi wachana na hiyo kitu kubwa. Fanya hiyo ndogo upite uende. Kwani mama yako ndiye atasahihisha?"

Nimepanga hivi. Nitafanya mdogo, nyumbani nitasema "mtihani" tu. Nikifaulu nitasema nimefaulu. Hakuna uongo hata mmoja humo ndani! Mama akitaka kuwaambia watu kwamba ni ule mkubwa, hiyo ni juu yake na Mola wake.

Nimejipongeza kwa chipsi.

Jumapili, 15 Februari

Sijui nianzie wapi. Naanza na kicheko, ndiko tulikoanzia.

Maulidi kwa Bi Kijakazi, kahamia fleti mpya nyuma ya Edgware Road. Watu, ubani, sambusa, watoto wanajibu Kiingereza hata wakiulizwa jina. Mlangoni ndio usiseme, viatu vya Edmonton tupu. Vya Bi Kijakazi mwenyewe vilikuwemo pia, navijua, ni namba tano, vidogo utafikiri vya mwanasesere. Vya Mama ni namba saba.

Wakati wa kuondoka kila mtu kainama, kila mtu anavuta. Nikamwona Mama anavaa. Kulia, kiatu chake. Kushoto, kiatu cha Bi Kijakazi! Kakisukuma, kakishindilia, kashika ukuta, kimeingia. Huku anazungumza na watu wawili kwa pamoja.

Ningesema. Sikusema. Nikajitia hamnazo, nikajifunika mtandio mdomoni, nikangoja ukelele. Nilijua kabisa utakavyokuwa: atafika ngazini, atapiga "Ala!", atarudi anachechemea, na mimi nitakuwa na hadithi ya mwezi mzima.

Ngazi zikaisha. Kimya. Tukatokea Edgware Road, tukapita mikahawa ya Waarabu, Mama akasimama kutazama abaya dirishani, akasimama tena kusalimiana na Waomani asiowajua. Kimya. Mimi nakufa kwa kicheko ndani ya mtandio. Nikajiambia, anajikaza, hataki kuumbuka.

Tukapanda treni ya chini mpaka Victoria. Akakaa, akakunja mguu, kiatu kinanitazama. Nyama ya mguu imefura juu yake kama mkate uliozidi bati. Akaanza kunisimulia sambusa za Bi Kijakazi zilivyokosa chumvi.

Nadhani ni hapo Victoria nilipoacha kucheka.

Treni ya pili. Thornton Heath. Akataka tupite dukani anunue muhogo. Akachagua muhogo mmoja mmoja, akauvunja kuona ndani, akagombana na mwenye duka. Miguu yote miwili chini, kasimama imara. Sikuweza kuvumilia tena, nikamwuliza, Mama, miguu haikuchoshi?

"Mie? Miguu yangu mizima. Wewe ndiye kijana uliyechoka."

Nyumbani akavua, akaviweka mlangoni sambamba, namba saba na namba tano, akaenda jikoni. Soksi ya kushoto ilikuwa na doa, ubavuni, kwenye kidole cha mwisho. Jekundu.

Ana sukari tangu miaka mingi. "Ndogo," anasema siku zote, "sukari ya kuonja." Mimi nakaa chumbani kwa Sudha kila Jumatano najifanya mjuzi wa miguu ya watu, na ndani ya nyumba yangu sijauona mguu wa Mama sijui tangu lini. Soksi daima. Nilifikiri ni baridi ya London!

Nimeogopa. Nimeogopa kweli.

Jumatatu, 16 Februari

Bi Kijakazi kapiga simu anapiga kelele. Nani kamwibia kiatu akamwachia sufuria? Mama akala yamini kwamba si yeye. Nikamnyooshea kidole mlangoni. Akavitazama vile viatu muda mrefu. Akaokota kile kidogo, akakigeuza, akakirudisha. Akamwambia Bi Kijakazi kwamba ni Nusra ndiye aliyevichanganya, si unajua watoto wa siku hizi.

Nikaomba nione mguu.

"Kiatu cha ngozi hutanuka," akasema. "Nenda kasome."

Kile kiatu ni plastiki.

Jumatano, 18 Februari

Nimemweleza Sudha kuhusu "mgonjwa mmoja". Hakunyanyua macho. Akasema, mlete mama yako leo.

Nimerudi nimemwambia. Hataki. Avue soksi mbele ya watu? Kesho habari ifike Edgware Road? Nikamwambia Sudha hamjui hata mtu mmoja Edgware Road. Mama akasema kwa sauti nyingine kabisa:

"Bibi yako aliingia hospitali kwa kidole. Akatoka hana mguu. Mie ndiye n'liyekuwa namvisha kiatu kimoja. Basi usinambie mambo ya miguu, mwanangu."

Hajawahi kunieleza hilo. Niliambiwa Bibi alianguka.

Ijumaa, 20 Februari

Vita. Nimeficha soksi zake zote. Zote! Nimezitia kwenye mfuko, mfuko kwenye sanduku, sanduku juu ya kabati. Nikakaa sebuleni na kitabu cha MCAT nikijifanya nasoma, nangoja atoke miguu mitupu.

Akatoka. Amevaa kofia zangu mbili za sufi, moja kila mguu, ile ya bluu na ile yenye kishada juu. Akapita mbele yangu taratibu kama bi harusi. Kishada kinatikisika.

"Unasoma, mwanangu? Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nimemrudishia soksi. Kofia zile sizivai tena.

Jumapili, 22 Februari

Leo tumesema yote.

Nilianza mimi. Nikamwambia nimeamua kufanya mtihani mdogo. Akasema anajua. Anajua tangu siku ya simu, na ule mpango wa Mumbi anaujua pia, maana nikizungumza na Mumbi kwa simu ya ghorofani, simu ya chini inafanya kazi. Hakuona haya hata chembe!

"Nshawaambia watu," akasema. "Nitazame wapi?"

Nikamwambia watu watasahau. Nikamwambia daktari wa miguu ni daktari, ana kisu, ana chumba, ana jina mlangoni. Nikasema mengi. Akanisikiliza akiwa anakuna nazi, hakunitazama.

Halafu akasema: "Tulipokuja, tulipokaa Edmonton, mie kazi yangu ilikuwa kuwaosha vikongwe wa watu. Miguu, kucha, na mengine yote. Nikapiga magoti kwenye mabafu ya watu mpaka mgongo ukakataa. Nikawa najiambia, sawa, mwanangu hatopiga magoti. Sasa leo wewe, na masomo yote hayo, wanambia wataka miguu?"

Ningemwambia kwamba mimi naipenda, kwamba mguu wa mtu unanieleza mambo ambayo mdomo wake haunielezi. Lakini mtu alipiga magoti ili mimi nisipige. Hilo linajibiwaje?

Nililia kidogo bafuni. Niliporudi akanisukumia sahani ya kwanza.

Jumatatu, 23 Februari

Ana shauri. Yeye na mashauri!

Nimtahini miguu nyumbani, kwa ule uzi, soksi zivuliwe, sebuleni kwetu, pazia limefungwa. Akihisi kila ninapomgusa, basi mguu wake mzima na mimi nafanya mtihani mkubwa. Asipohisi, atakwenda kwa Sudha, na mimi nifanye huo mdogo wangu na hatosema neno, hata kwa Bi Kijakazi.

Nikamwambia miguu haiwekewi dau.

"Basi soksi hazivuki."

Jumatano, 25 Februari

Sudha kakasirika. Hakuna mashauri na kidonda, anasema, na mimi si daktari bado. Halafu akafungua droo, akanipa uzi ndani ya kimfuko chake cha karatasi. Kama ndiyo njia ya kumvua soksi, avue. Lakini Jumatatu asubuhi, mgonjwa wake wa kwanza ni Mama, Bi Zahra, ahisi asihisi. Ameshaandika jina.

Sijamwambia Mama. Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mkubwa pia.

Mumbi anauliza, "Na akipita?"

Mtu aliyetembea kutoka Edgware Road na kiatu kile? Atapitaje?

Jumamosi, 28 Februari

Naandika mambo yakiwa yanaendelea. Daftari liko gotini mwangu. Mama anadhani ni la maksi zake.

Asubuhi ameoga, amejifukiza udi, amevaa dera jipya. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Si mtihani?" Pazia limefungwa. Kompyuta iko mezani, kurasa mbili wazi, mkubwa na mdogo, zote zimeshajazwa jina langu, bado kubonyeza tu. Amezikagua zote mbili, akanambia ule mkubwa niuweke mbele.

Kisha akakaa kwenye kochi, akavua soksi mwenyewe. Taratibu. Akaweka mguu wa kushoto juu ya khanga mapajani mwangu, akatazama pembeni.

Mguu wa Mama. Kisigino kimepasuka. Vidole vimepindana. Kwenye kidole cha mwisho, ubavuni, kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake nyeupe. Chini ya kidole gumba kuna kingine! Hicho hakitokani na kiatu cha Bi Kijakazi, hicho ni cha zamani. Nimemwuliza, hapa pamekuwaje? Akauliza, wapi?

Nilikuwa nimekishika.

Nikamweleza masharti kama anavyofanya Sudha: ufumbe macho, ukihisi useme, mimi sitosema kitu. Akafumba. Akajifunika mtandio juu ya macho ili nisimshuku. Mikono kaiweka mapajani, mgongo kaunyoosha. Midomo inasoma dua.

Nikageuza ukurasa niandike tarehe.

"Nimehisi," akasema.

Nikamtazama.

"Hapo kwenye kidole gumba. Uzi huo, mwembamba. Nimehisi."

Sikujibu. Sudha amesema nisijibu.

"Na hapo. Chini ya kisigino."

Kalamu yangu inakwaruza karatasi, anaisikia, anatabasamu chini ya mtandio. "Andika vizuri, usin'pe pungufu."

Naandika, Mama. Nacheka na machozi yananitoka, vyote bila sauti, maana nikitoa sauti atafumbua macho na sijui nimwambie nini. Anadanganya mtihani! Mama yangu, aliyenichapa darasa la tatu kwa kutazamia! Na anadanganya ili nisiende kupiga magoti. Na mimi ndivyo nilivyo sasa hivi, chini, mbele ya kochi, nimepiga magoti, mguu wake mapajani mwangu.

"Nimehisi tena. Hiyo ya mara hii imeniwasha hasa."

Uso wake umetulia. Miguu yake ni baridi.

"Nimefaulu?" anauliza. "Nusra? Nifumbue?"

Namwambia bado, Mama, usifumbue. Nakwenda taratibu.

"Haya. Mie nipo. Nimehisi na hiyo."

Uzi uko mezani, kando ya kompyuta. Sijautoa kwenye mfuko.